Kutoka hadithi fupi hadi riwaya: jinsi ya kuunganisha hadithi zako za akili mnemba

Una hadithi sita, saba au kumi kuhusu akili mnemba. Moja ilishachapishwa, mbili umezisambaza kwa WhatsApp, nyingine bado zimelala kwenye simu. Zote umeziandika wewe, zote zina mashine inayofikiri, na wanaozisoma wanakuambia, "Hizi zingekuwa riwaya." Wana sababu ya kusema hivyo. Lakini ukizipanga tu moja baada ya nyingine na kuzipa namba za sura, utapata mkusanyiko wenye namba. Riwaya inadai zaidi: kilichotokea sura ya kwanza kiwe na madhara sura ya tano, na msomaji ayaone madhara hayo yakija.

Niseme mapema ninachokiamini, maana mwongozo wote umejengwa juu yake. Akili mnemba ina kitu ambacho jini, mzimu au chombo cha angani hakina: imefundishwa. Kila inachokijua imekipata kwa watu fulani, mahali fulani, kwa malipo fulani au bila malipo. Kwa hiyo watu wa hadithi yako ya kwanza wanaweza kuwa ndio walimu wa mashine ya hadithi yako ya tano, na wao wenyewe wasijue. Ukiupata uzi huo, sehemu ngumu zaidi ya kazi imekwisha.

Asimov alivyoifanya kazi hii

Tuanze na mfano unaojulikana, kwa sababu unaonyesha mkono wa fundi ukiwa kazini. Mwaka 1950 mwandishi wa hadithi za kisayansi Isaac Asimov, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha biokemia mjini Boston, alitoa kitabu kiitwacho "I, Robot" kupitia mchapishaji mdogo wa Marekani, Gnome Press. Ndani yake mna hadithi tisa. Ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka 1940 kwenye jarida la "Super Science Stories", na nane zilizobaki zilitoka kwenye "Astounding" kati ya 1941 na 1950. Hazikuandikwa kwa nia ya kuwa kitabu kimoja. Hata zile kanuni tatu za roboti zilizompa Asimov jina (asimdhuru binadamu, atii amri, ajilinde) hazikuwa zimetamkwa kikamilifu kabla ya hadithi ya Machi 1942, "Runaround".

Angalia mambo matatu aliyoyafanya.

La kwanza, alivunja mfuatano wa kuchapishwa. "Reason" na "Liar!" zilitoka mwaka 1941, kabla ya "Runaround", lakini kitabuni "Runaround" inazitangulia zote mbili. Sababu inaonekana wazi: ndiyo inayozitaja kanuni tatu moja baada ya nyingine, na msomaji anazihitaji ili aielewe mitego ya hadithi zinazofuata. Vivyo hivyo "Little Lost Robot" ya 1947 iliwekwa mbele ya "Escape!" ya 1945. Katika ya kwanza, wanasayansi bado wanahangaika kutafuta injini ya kusafiri kati ya nyota. Katika ya pili, mashine inaipata njia. Asimov alifuata mwendo wa ugunduzi ndani ya ulimwengu wake na kuziacha kando tarehe za majarida.

La pili, aliingia ndani ya hadithi za zamani na kuzigusa. "Robbie", hadithi ya roboti mlezi na mtoto Gloria, iliandikwa kabla ya kanuni kuwepo. Kwa ajili ya kitabu, Asimov aliongeza maneno machache yanayoitaja kanuni ya kwanza, na akamweka msichana mmoja jumba la makumbusho, amekaa akiandika maelezo kwa ajili ya masomo yake. Msichana huyo ni Susan Calvin, ambaye baadaye ndiye mtaalamu mkuu wa akili za roboti. Mistari michache tu, na hadithi iliyokuwa peke yake ikawa mwanzo wa maisha ya mtu.

La tatu, alizungushia hadithi zote kiunzi: Calvin, mwenye umri wa miaka 75, anahojiwa na mwandishi wa habari anapostaafu.

Ila kinachokishika kitabu ni kitu kingine tena. Mwanzoni kanuni ya kwanza, kwamba roboti hatamdhuru binadamu wala kumwacha adhurike, inamlinda mtoto mmoja anayecheza uani. Mwishoni, katika "The Evitable Conflict", kanuni ile ile iko mikononi mwa mashine zinazoendesha uchumi wa dunia nzima, nazo zimeitafsiri kwa upana: binadamu wa kulindwa sasa ni wanadamu wote, na kwa ajili ya ulinzi huo wanadamu wamepoteza usukani bila kuambiwa. Msingi wa sheria haukubadilika. Ukubwa wa kile inachokigusa ndio uliobadilika. Hiyo ndiyo riwaya iliyomo ndani ya mkusanyiko ule.

Hatua ya kwanza: zisome zote kwa mkao mmoja

Chapisha hadithi zako kwenye karatasi kama unaweza, uzisome mfululizo bila kusahihisha. Kwa kila hadithi andika sentensi moja tu inayojibu swali hili: ni nani analipa gharama ya kuwepo kwa mashine hii? Sentensi isiwe ya muhtasari wa kisa. Usiandike "roboti anaasi." Andika "Muuguzi anaacha kuyaamini macho yake."

Ukimaliza, zipange sentensi hizo mezani. Hadithi ambazo majibu yake yanagusana ndizo mbegu za riwaya. Ambayo jibu lake limekaa upande wake kabisa, iweke pembeni hata kama ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Hapa ndipo waandishi wengi wanaposita. Hadithi iliyopendwa sana ina nguvu ya kuivuta riwaya nzima iende inakotaka yenyewe.

Ili tuwe na kitu cha kushika, nitatumia hadithi sita za mfano:

- Vijana watatu wa Nairobi wanakesha wakiweka alama kwenye picha za eksirei ili kuifundisha programu, wanalipwa kwa kila picha.
- Zahanati moja mkoani Kigoma ina programu inayosoma eksirei za kifua, na muuguzi anaitegemea.
- Wajukuu huko Tanga wanaongea kwenye simu na sauti ya bibi yao aliyefariki.
- Mashine ya forodha katika bandari ya Mombasa inachagua kontena lipi lifunguliwe.
- Programu inapendekeza hukumu katika kesi ya shamba.
- Roboti mchuma karafuu wa Pemba anaogopa nyuki.

Ya sita inachekesha, na inahusu mwili wa chuma kuliko akili. Inatoka. Zinabaki tano.

Hatua ya pili: chagua uzi

Uzi ni kile kinachopita kutoka hadithi moja hadi nyingine na kutoka kikiwa kimebadilika. Kwa hadithi za akili mnemba naziona nyuzi tatu zenye nguvu.

Uzi wa kwanza ni kanuni, kama alivyofanya Asimov. Unafaa kama mashine zako zote ziko chini ya sheria moja ambayo kila hadithi inaibana kwa namna yake.

Uzi wa pili ni mtumishi anayewazidi umri mabwana zake. Mwandishi Mmarekani Clifford Simak aliutumia katika "City" ya mwaka 1952, kitabu cha hadithi nane zilizoandikwa kuanzia 1944. Roboti Jenkins anaitumikia familia moja kizazi baada ya kizazi, na wanadamu wanapotoweka yeye anabaki na mbwa wenye akili. Wahusika wanabadilika karibu kila hadithi, lakini Jenkins anarudi tena na tena. Uzi huu unafaa hadithi zinazoruka miaka mingi.

Uzi wa tatu ni mafunzo, yaani data, na ndio ninaoupendekeza kwa mwandishi wa leo. Akili mnemba ya sasa haiandikiwi kanuni tatu na mhandisi. Inajifunza kutokana na mamilioni ya picha, sauti na maandishi ya watu. Afrika Mashariki tuko karibu sana na chanzo hicho. Kazi ya kuweka alama kwenye picha na kuchuja maudhui kwa ajili ya kampuni kubwa za teknolojia imefanywa Nairobi na Kampala na vijana wanaolipwa kidogo, na baadhi yao huko Nairobi wamekwenda hadi mahakamani kuidai haki yao. Riwaya iliyofuata njia ya data kutoka mikono hiyo hadi kwenye uamuzi wa mashine ina mengi ya kusema, na ina haki ya kusemwa kwa Kiswahili kwanza.

Kwa hadithi zetu tano, uzi unakwenda hivi. Alama za vijana wa Nairobi zinaifundisha programu ya Kigoma. Rekodi za sauti za bibi wa Tanga, ambazo familia iliipa kampuni ili kumpata bibi anayeongea, zinauzwa na kuingia kwenye mafunzo ya programu ya kesi za ardhi. Na bandari? Ilikuwa hadithi ngumu kuifunga mpaka nilipojiuliza ndani ya kontena mna nini. Sasa mna diski za zamani za kampuni iliyofilisika, zimejaa sauti za wazee waliokufa.

Hatua ya tatu: jedwali la mashine

Kabla hujagusa hata sentensi, chora jedwali kwa mkono. Kila mashine iwe na mstari wake, na kwenye mstari huo ujibu: inafanya kazi mwaka gani wa simulizi, ni mali ya nani, imefundishwa kwa nini, inaweza nini, haiwezi nini, na inakumbuka nini.

Safu ya mwisho inahitaji uangalifu. Hadithi nyingi zinamfanya mhusika aongee na programu leo, kisha mwaka unaofuata programu ile ile, mahali pengine, inamkumbuka. Kwa kawaida mfumo wa aina hii haujifunzi kutokana na kila mazungumzo papo hapo. Maarifa yake yamekazwa wakati wa mafunzo, na kinachobaki baada ya mazungumzo kinabaki kwa sababu kimehifadhiwa mahali na mtu aliyeamua kihifadhiwe. Kwa hiyo mashine yako ikikumbuka, lazima kuwe na aliyehifadhi. Ni nani? Kwa faida gani? Swali hilo peke yake linaweza kukupa sura nzima ambayo hukuwa nayo.

Kwenye tarehe, nakushauri uhesabu kuanzia tukio la ndani ya ulimwengu wako: mwaka wa tatu tangu mahakama ipate mashine, mvua ya pili baada ya kampuni kufungwa. Miaka ya kalenda inazeeka haraka. Ray Bradbury aliziunganisha hadithi zake za Mirihi kuwa "The Martian Chronicles" mwaka 1950, akaanzia simulizi Januari 1999. Toleo la 1997 lililazimika kusogeza miaka yote mbele kwa 31, maana wakati uliobuniwa ulikuwa umebisha hodi.

Ongeza pia safu ya sarufi. Amua nani kwenye riwaya yako anasema "roboti imeanguka" na nani anasema "roboti ameanguka". Katika hadithi moja moja huenda ulichanganya bila kujali, lakini kwenye riwaya upatanisho huo ni silaha. Muuguzi wa Kigoma anaweza kuanza na "programu imesema" na baada ya miezi kadhaa akawa anasema "amesema safi." Hakuna haja ya kueleza kwamba ameanza kuiona kama mtu. Kiambishi kimeshasema, na msomaji wa Kiswahili atakisikia. Lakini kama mwenyewe hujawa makini kurasa zote, atadhani ni kosa la uhariri.

Hatua ya nne: panga upya

Andika jina la kila hadithi kwenye kipande cha karatasi, uvisogeze vipande mpaka kila hadithi iwe na kitu inachokipokea na kitu inachokiacha. Kwa kawaida hadithi yenye kanuni au chanzo itatangulia, na yenye uamuzi mzito itamalizia. Usiogope kuiweka mbele hadithi uliyoiandika juzi.

Jihadhari na mfululizo wa hadithi mbili zenye umbo moja. Hadithi fupi nyingi za akili mnemba zinaishia kwa mshtuko: kumbe aliyekuwa anasimulia ni mashine. Mshtuko mmoja wa namna hiyo kwenye riwaya unatosha. Ukiwa nayo mitatu, ubakize mmoja, na miwili mingine ifichue mapema, hata ukurasa wa kwanza, ili taharuki ihame kutoka "ni nani huyu?" na kuwa "atafanya nini tukishamjua?"

Hatua ya tano: andika upya ndani ya hadithi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo napenda utumie muda wako mwingi. Wengi wanakimbilia kuandika sura za katikati za kuunganisha, kurasa kumi za maelezo kati ya hadithi na hadithi. Msomaji anaziona kuwa ni gundi. Muungano ulio bora unafanyika ndani ya hadithi zenyewe, kwa sentensi chache zilizowekwa mahali pake.

Chukua hadithi ya Nairobi. Katika toleo la awali kulikuwa na mistari hii:

"Juma alibonyeza kitufe. Picha ikaondoka, nyingine ikaja. Nje, matatu ya kwanza ilipiga honi."

Ni mistari mizuri ya kuonyesha uchovu. Haiachi kitu chochote nyuma yake. Sasa itazame baada ya kuguswa (mtulinga ni mfupa ulio juu ya kifua, kati ya shingo na bega):

"Chini ya mtulinga wa kushoto palikuwa na kivuli chembamba. Juma alifungua mwongozo wa kazi, akausoma mpaka mwisho. Vivuli vya mahali hapo havikutajwa. Akaangalia saa, akaangalia picha zilizobaki. Akabonyeza SAFI. Picha ikaondoka, nyingine ikaja. Nje, matatu ya kwanza ilipiga honi."

Halafu, katika hadithi ya Kigoma, mahali ambapo zamani palisomeka tu kwamba programu haikuona ugonjwa, sasa pana haya:

"Kwenye skrini neno lilikuwa la kijani: SAFI. Muuguzi aliiinamia picha. Kulikuwa na kivuli chembamba chini ya mtulinga wa kushoto. Akafikiri ni uchafu wa kioo, akaupangusa kwa ncha ya kanga. Kivuli hakikutoka. Akaangalia tena lile neno la kijani, akaita mgonjwa anayefuata."

Hakuna mhusika anayemjua mwenzake. Hakuna aliyesema kwamba picha zile ndizo zilizoifundisha programu hii. Msomaji peke yake ndiye anayekumbuka, na kukumbuka kwake ndiko kunakozifanya hadithi mbili ziwe kitabu.

Tazama pia kwa nini nimetaja mwongozo wa kazi. Toleo jepesi lingemfanya Juma akosee kwa usingizi. Lakini kosa la mtu mmoja usiku mmoja halitoshi kuipotosha programu iliyofundishwa kwa picha laki kadhaa. Makosa ya bahati mbaya yanayokwenda huku na huku kwa kiasi kikubwa hufunikana. Kinachofundishika ni kosa linalorudiwa kwa namna ile ile na kila mtu, kwa mfano kwa sababu maelekezo waliyopewa wote yana pengo. Basi lawama imehama kutoka kwa kijana aliyechoka na kwenda kwa aliyeandika maelekezo, mtu ambaye hajawahi kuonekana kwenye hadithi. Ukweli wa kiufundi umeleta haki kwenye simulizi. Na mahali penyewe hapakuchaguliwa ovyo: kifua kikuu hupenda sehemu ya juu ya pafu, na eneo lililofichwa na mtulinga ni mahali ambapo hata daktari mzoefu anaweza kupitwa.

Fanya hivyo kwa kila jozi. Kwa bibi wa Tanga, kinachosafiri ni kauli. Katika hadithi yake wajukuu wanamuuliza mambo ya zamani, naye, au tuseme sauti yake, inasema, "Mpaka ni pale mkuyu ulipokuwa." Katika hadithi ya mahakama, programu inapoulizwa na hakimu sababu ya pendekezo lake kuhusu shamba lililo mamia ya kilomita kutoka Tanga, inajibu kwa maneno hayo hayo. Wakili anacheka, pale shambani hapajawahi kuwa na mkuyu. Msomaji hatacheka.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kitu kinachosafiri kitajwe mara mbili au tatu kwenye kitabu chote, kila mara kwa maneno karibu yale yale, na kamwe kisielezwe. Ukijikuta unaandika "kama alivyofanya Juma miaka kumi iliyopita", futa.

Kuhusu kuwaunganisha wahusika, mhandisi wa hadithi ya pili na mhandisi wa hadithi ya nne wanaweza kuwa mtu mmoja, ikiwa tabia zao hazipingani. Ukimbadilisha mtu jina, badilisha pia namna anavyosalimiwa. Dada wa miaka ishirini aliyeitwa "mdogo wangu" hadithi ya kwanza ataitwa "mama" au "bi mkubwa" miaka thelathini baadaye, na maamkizi yatageuka: sasa yeye ndiye anayepokea shikamoo. Hayo yanaonyesha wakati ulivyopita vizuri kuliko tarehe.

Hatua ya sita: kiunzi, kama unakihitaji

Kiunzi ni hadithi inayozibeba hadithi. Wasomaji wa Kiswahili tumekizoea tangu Alfu Lela Ulela, ambako Shahrazadi anasimulia ili asiuawe kukicha. Somo la pale ni moja: msimulizi wa kiunzi ana kitu cha kupoteza. Mahojiano ya Susan Calvin yana upungufu hapa, kwa maoni yangu; Calvin anastaafu, mwandishi wa habari anaandika, na hakuna kinachotegemea majibu yake. Simak alifanya vizuri zaidi. Kila hadithi ya "City" inatanguliwa na maelezo ya mbwa wasomi wanaobishana kama binadamu aliwahi kuwepo au ni ngano tu. Maelezo ni mafupi, lakini msomaji anaingia kila hadithi akijua tayari kwamba watu wake watatoweka, na hajui vipi.

Kwa hadithi zetu, kiunzi kinachofaa kipo tayari: rufaa ya kesi ya shamba. Mkata rufaa anaiomba mahakama iamuru mashine ieleze ilijifunza wapi. Kila hadithi inaingia kama kielelezo kilichowasilishwa mbele ya jaji: rekodi ya zamu ya usiku Nairobi, daftari la zahanati, orodha ya shehena ya bandari, maongezi ya simu ya familia. Kati ya hadithi na hadithi, weka nusu ukurasa tu wa shauri, mawakili wakipingana kama kielelezo kipokelewe. Jaji akikikataa kielelezo ambacho msomaji ameshakisoma, hasira ya msomaji inakufanyia kazi kubwa.

Kama kiunzi chako hakina swali lake lenyewe ambalo litajibiwa mwishoni, kiache. Riwaya inaweza kusimama kwa uzi peke yake.

Hatua ya saba: iandike hadithi inayokosekana

Ukishapanga, utaona pengo. Mara nyingi ni hadithi ya mtu mwenye mamlaka, kwa sababu hadithi fupi hupenda kumfuata mnyonge. Kwetu sisi ni yule aliyeandika mwongozo wa kazi wenye pengo. Ni nani huyu? Huenda ni daktari kijana aliyepewa siku chache na kuambiwa maelekezo yasizidi kurasa mbili. Huenda aliandika kuhusu mtulinga, na mtu mwingine akaukata mstari huo ili kupunguza muda wa kila picha. Hadithi hii mpya iandike ukiwa tayari unajua inapoingia, baada ya Kigoma, ili msomaji aende kwake akiwa na mashtaka mkononi, kisha akute binadamu.

Tegemea hadithi mpya moja au mbili, na ziwe ndefu kuliko za zamani. Pumzi ya riwaya inahitaji angalau sehemu moja ambapo tunakaa na mhusika kwa kurasa nyingi.

Hadithi ya mwisho nayo inahitaji kuguswa. Kama hadithi fupi ilifungwa vizuri peke yake. Kama sura ya mwisho lazima ijibu swali lililoanzishwa kwenye ya kwanza, na jibu liwe na bei. Jaji wa rufaa akiamuru programu ifutwe, sauti ya bibi inafutika pamoja nayo, na wajukuu wako mle ukumbini. Akikataa, mipaka ya mashamba ya watu wasiojulikana itaendelea kupimwa kwa mkuyu wa Tanga. Chagua, na usimpe msomaji njia ya tatu.

Haki za hadithi zilizokwisha kuchapishwa

Fupi lakini usiliruke. Kama hadithi ilitoka kwenye mkusanyiko au jarida, soma mkataba kabla ya kuitumia tena. Tazama kama ulitoa ruhusa ya kuchapisha mara moja au uliuza haki zote. Tanzania jambo hili liko chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Ofisi za hakimiliki za kuuliza ni COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Kuandika upya nusu ya hadithi hakukuondoi kwenye mkataba wa zamani. Omba ruhusa kwa maandishi, na mweleze mchapishaji mpya ni sehemu zipi zilishatoka.

Kupima mswada

Tafuta wasomaji wawili ambao hawajasoma hadithi zako. Mmoja mpe mswada mzima. Mwingine mpe mswada ulioondolewa hadithi moja ya katikati, bila kumwambia. Kisha waulize wote wawili maswali yale yale kuhusu mwisho: kwa nini programu ilisema maneno yale, na nani wa kulaumiwa kwa mgonjwa wa Kigoma. Kama majibu yao yanalingana, hadithi uliyoiondoa haikuwa imeunganishwa, hata kama ulidhani hivyo. Una mambo mawili tu ya kufanya. Rudi hatua ya tano uipe kitu cha kubeba, au itoe.

Ukiitoa, ihifadhi. Asimov naye aliziacha nje ya kitabu cha 1950 hadithi za roboti alizokuwa nazo mkononi, zikiwemo "Robot AL-76 Goes Astray" na "Victory Unintentional", zote za 1942. Zilikuja kupata nafasi mwaka 1964, ndani ya "The Rest of the Robots".